Cheti Kiko Ukutani. Je, Kazi Imebadilika?

Popote unaponisikiliza, Mpanda mjini, Inyonga, Majimoto, Karema kando ya ziwa, kule Mishamo na Katumba, haya ni mazungumzo yetu ya wiki. Kama uko shambani, endelea na kazi yako, sikio moja linanitosha. Kama umekaa kwenye benchi la zahanati unasubiri kuitwa, pole, na leo hasa nataka unisikilize wewe.

Leo nina swali, na nitaliuliza kwa lugha nyepesi, maana watu wa semina wamelifanya zito bila sababu. Ukiingia ofisi nyingi siku hizi, iwe ya serikali, ya benki au ya kampuni, unakuta cheti kimetundikwa ukutani ndani ya fremu. Kimeandikwa ISO 9001, chini yake kuna mwaka, muhuri na saini. Pembeni kuna mkataba wa huduma kwa mteja. Chini ya mkataba kuna sanduku la maoni lenye kufuli, na ufunguo wake hujui uko kwa nani. Swali langu ndilo hili: vitu hivyo vinaifanya ofisi ifanye kazi vizuri zaidi? Wewe uliyekaa kwenye benchi, unahudumiwa vizuri kuliko jana, au kilichoongezeka ni fremu tu?

Tuanze na cheti chenyewe, tukielewe kabla hatujakisema vibaya. ISO ni shirika la kimataifa la viwango, makao yake Geneva, Uswisi, na limekuwepo tangu 1947. Kiwango hicho cha 9001 kilitoka mara ya kwanza 1987, na kimefanyiwa marekebisho mara kadhaa baada ya hapo. Sasa kinasema nini? Watu wengi hudhani kinasema bidhaa ya kampuni hii ni nzuri. Hapana. Kinaitaka ofisi iandike inavyofanya kazi, ifanye kazi kama ilivyoandika, iweke kumbukumbu, isikilize wateja wake, na likitokea kosa itafute chanzo na kulirekebisha. Anakuja mkaguzi kutoka nje, anapekua mafaili, anahoji watumishi, akiridhika cheti kinatolewa.

Kuna mzaha wa zamani kati ya wakaguzi wenyewe. Wanasema hata kiwanda kinachotengeneza maboya ya kujiokolea kwa zege kinaweza kupata cheti, mradi kila boya limetengenezwa kama utaratibu ulivyoandikwa. Wavuvi wangu wa Karema, mnanisikia? Boya la zege, lina namba, lina tarehe, lina saini ya msimamizi, na ukilivaa unakwenda moja kwa moja chini ya Ziwa Tanganyika. Mzaha huu una chumvi, kwa sababu kiwango kinadai pia mteja asikilizwe, na mteja wa boya la zege hatakosa malalamiko, kama bado yupo. Lakini umeshika jambo la kweli: cheti kinathibitisha utaratibu. Matokeo ni kesi nyingine.

Na sisi Watanzania hilo hatuhitaji kufundishwa na mtu wa Geneva. Tunayo hati safi. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anatoa ripoti, na halmashauri ikipata hati safi, mnajua wenyewe, baraza la madiwani linapiga makofi, na kwenye hotuba inatajwa mara tatu. Hati safi inasema hesabu zimeandaliwa na kuonyeshwa inavyotakiwa. Haisemi darasa lililojengwa ni imara. Haisemi kisima kinatoa maji. Kwa hayo kuna ukaguzi mwingine kabisa, ukaguzi wa ufanisi, nao hauna makofi. Kwa hiyo halmashauri inaweza kuwa na hati safi na kisima kikavu kwa wakati mmoja, na wala hakuna aliyedanganya. Narudia: hakuna aliyedanganya. Sisi ndio tulioisoma hati kama jibu la swali ambalo haikuulizwa.

Sasa niwaguse watumishi wa umma, walimu, wauguzi, maofisa ugani. Mnaikumbuka OPRAS? Naona wengine mmeshaanza kucheka. OPRAS ilikuja mwaka 2004, mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri sana. Mwezi wa saba, mwaka wa fedha unapoanza, wewe na mkuu wako mnakaa, mnakubaliana malengo. Katikati ya mwaka mnaangalia mmefika wapi. Mwezi wa sita mnapima pamoja. Nani angekataa jambo kama hilo? Lakini niambie, ilikuwaje kwa wengi? Fomu zilijazwa kwa wiki moja mwishoni, za mwaka mzima: malengo, mapitio ya nusu mwaka na tathmini, vyote kwa kalamu moja, mara nyingi kwa sababu mtu anataka kupanda daraja na faili linadai fomu. Lengo liliandikwa baada ya kazi kufanyika, kwa hiyo lilifikiwa kila mara. Sasa mahali pake tuna mfumo wa PEPMIS, wa kwenye mtandao, na huko kukopi malengo kuna ugumu wake, ingawa mtumishi wa shule isiyo na mtandao atakwambia ugumu mwingine. Siingii huko leo.

Kwa hiyo unaweza kuniuliza: basi wewe mtangazaji unasema viwango ni bure, tuvichome? La, sisemi hivyo. Nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Wengi wenu mna ndugu aliyewahi kupewa rufaa kwenda Mbeya. Hospitali ile ya rufaa ya Mbeya, mwaka 2007, ilianza kutumia utaratibu wa S tano, uliozaliwa kwenye viwanda vya Japani. Ni kuchambua na kuondoa visivyohitajika, kupanga vinavyobaki, kusafisha, kuweka utaratibu mmoja, halafu kuushikilia. Na haukutufikia kutoka Tokyo moja kwa moja. Ulipitia Sri Lanka, kwenye hospitali ya akina mama ya Castle Street mjini Colombo, hospitali ya serikali ya nchi yenye shida zinazofanana na zetu, ambayo ilikuwa imeshaonyesha kwamba inawezekana. Wajapani walisaidia kuleta somo, na kutoka Mbeya likasambaa hospitali nyingine nchini.

Utasema, kupanga stoo ndiyo maendeleo? Fikiria muuguzi wa usiku anayetafuta dripu ya mama anayetokwa damu. Kama stoo imepangwa, kila rafu ina jina na dawa inayokaribia kuisha muda imewekwa mbele, anatumia sekunde. Kama ni vurugu, anatumia dakika, na mama yule dakika hana. Hapo kiwango hakijaleta daktari mpya wala jengo jipya. Kimerudisha dakika zilizokuwa zinapotea. Hilo ni badiliko la kweli, na lilihitaji jasho tu.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi, nao umefika hadi kwenye zahanati ya kijiji chako. Mwaka 2015 na 2016 Wizara ya Afya ilipita kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya nchi nzima, ikavipa nyota. Kuanzia sifuri hadi tano. Matokeo yalikuwa ya kutia aibu: theluthi moja hivi ya vituo vilipata sifuri. Sifuri kabisa, ndugu zangu. Vilivyofika nyota tatu, kiwango kilichokuwa kinatakiwa, ungevihesabu kama karanga zilizobaki kwenye sahani ya harusi. Wakarudi kupima tena 2017 na 2018. Vyenye sifuri vilikuwa vimebaki takriban vinne katika kila mia. Vyenye nyota tatu na zaidi vilikuwa vimefika kama kimoja katika vitano. Lengo la serikali lilikuwa vinane katika kila kumi vifike nyota tatu, kwa hiyo lengo lilikosekana, tena mbali. Lakini kutoka theluthi yenye sifuri hadi vinne katika mia, huwezi kusema hakuna kilichotokea.

Nini kilitokea? Hapa wapenzi wa viwango hupenda kukimbia. Wanasema: mmeona, tulipima, vituo vikaboreka! Mimi nasema ngoja kidogo. Baada ya tathmini ya kwanza kila kituo kiliandaliwa mpango wake wa kuboresha: kwako hakuna maji ya kunawa kwenye chumba cha kujifungulia, kwako hakuna shimo la kutupa kondo, kwako kamati ya kituo haijakaa mwaka mzima. Mpango huo ulibandikwa. Na karibu na wakati huohuo, mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, badala ya kukwamia halmashauri. Mganga mfawidhi na kamati yake ya wanakijiji wakawa na orodha ya mapungufu mkono mmoja, na vijisenti mkono mwingine. Sasa niambie, kilichojenga lile tangi la maji ni nyota, au ni fedha?

Mimi naona ni vyote viwili, na hili nalisema kwa mkazo. Fedha bila orodha zingenunua viti vya ofisi. Orodha bila fedha ingebaki ukutani ikipauka. Unaweza kumwandikia mganga kwamba kiwango kinadai umeme saa zote, lakini Mpanda yetu hii iliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta, na vijijini hata hiyo haikufika. Kumnyima mtu nyota kwa kitu ambacho hana uwezo nacho, halafu usimletee, ni kumdhalilisha tu.

Wenzetu wa nje nao wamelichunguza sana swali hili la cheti. Kuna watafiti wawili wa Marekani, Levine na Toffel, waliochapisha mwaka 2010 utafiti wa kampuni karibu elfu moja za California zilizochukua ISO 9001, wakazilinganisha na zilizofanana nazo. Zenye cheti zilikua zaidi kwa mauzo na kwa ajira, na chache zaidi kati yake ndizo zilizofungwa. Habari njema. Lakini hata hapo swali halifi: je, cheti ndicho kilichowakuza, au wanaohangaika kutafuta cheti ni wale wale waliokuwa makini tangu mwanzo? Watafiti walijitahidi kulidhibiti hilo, ila huwezi kulimaliza. Na Marekani hiyohiyo, kampuni moja ya Houston iliyokuwa ikiuza mabomba na vali, Wallace, ilishinda tuzo ya taifa ya ubora, ile ya Baldrige, mwaka 1990. Mwaka 1992 ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Tuzo iko kabatini, wadai wako mlangoni. Soko la mafuta lilikuwa limeanguka, na utaratibu mzuri haukulipandisha.

Basi tofauti iko wapi? Kwa nini pengine kiwango kinazaa na pengine kinakuwa OPRAS? Nina jibu langu, na nitalionyesha kwa karatasi moja tu.

Twende zahanati. Kwenye chumba cha chanjo kuna friji, ya gesi au ya sola. Mlangoni pake imebandikwa chati ya joto. Kiwango kinasema joto lisomwe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu pia, na libaki kati ya nyuzi 2 na 8. Likipanda, chanjo ya polio na ya surua zinadhoofika. Likishuka hadi kuganda, chanjo ya pepopunda inaharibika, na ukiitazama juujuu hutajua. Mtoto atachomwa, kadi itajazwa, mama atarudi nyumbani ameridhika, na kinga hana.

Sasa tazama chati mbili. Ya kwanza: mwezi mzima, asubuhi nyuzi 4, jioni nyuzi 4. Asubuhi 4, jioni 4. Wino mmoja, mwandiko mmoja, hata Jumapili ambayo mhudumu alikuwa harusini. Chati ya pili: 5, 4, 6, 5, halafu tarehe fulani jioni, 11. Pembeni kwa mwandiko wa haraka: gesi imeisha, chanjo zimehamishwa kwenye boksi la baridi, zimepelekwa kituo cha afya kwa bodaboda, mganga amejulishwa. Kesho yake nafasi iko wazi. Keshokutwa: 5.

Ungekuwa mkaguzi, ungempa nani alama nyingi? Usijibu haraka. Mkaguzi mvivu anaipenda ya kwanza. Imejaa, ni safi, haina nafasi tupu, kila namba iko ndani ya mpaka. Ya pili ina kosa na ina siku isiyojazwa. Lakini mwanangu akichanjwa, mimi namtaka kwa yule mwenye 11. Yule friji yake ilimshinda, akaandika kwamba imemshinda, na kuna mtu akafanya jambo.

Na kwa nini yule wa kwanza aliandika nne nne? Ni mvivu? Labda. Lakini muulize taratibu, atakwambia: mwaka juzi niliandika 12, akaja msimamizi, akanifokea mbele ya wagonjwa, akasema kwa nini umeacha friji ipande. Gesi nilikuwa nimeiomba wiki mbili kabla. Tangu siku ile friji yangu haijawahi kupanda.

Hilo ndilo jibu langu. Kiwango kinaboresha kazi pale ambapo mtu anaweza kuandika kosa bila kuumia, na likishaandikwa kuna anayelijibu. Yakikosekana hayo mawili, kiwango kinawafundisha watu kuandika vizuri tu. Mmarekani mmoja aliyeitwa Edwards Deming, ambaye Wajapani walimwalika 1950 kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda vyao, na hadi leo wanatoa tuzo kwa jina lake, aliandika kanuni 14 za uongozi. Mojawapo ni kuondoa hofu kazini. Katika semina zetu za ubora hiyo ndiyo inayopitiwa upesi, saa ya chai ikiwa imekaribia.

Siku hizi kuna kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya friji, kinarekodi joto chenyewe kwa siku 30. Ni kizuri. Ukikiweka kando ya chati ya nne nne, utaona maajabu. Lakini kifaa hakileti gesi.

Wakulima wa tumbaku mtaniambia, mbona sisi tuna kiwango na kinauma? Kweli. Pale sokoni kwenye chama cha msingi, mteuzi anapita kwenye marobota, anavuta majani, ananusa, anataja daraja. Daraja lina bei, na bei inatajwa palepale; hela zenyewe zinakuja lini, hiyo ni hadithi nyingine. Robota likikutwa na uzi wa nailoni ndani linakataliwa, na mwaka unaofuata hakuna mtu nyumbani kwako anayesogeza nailoni karibu na bani. Kiwango hicho kinabadilisha kazi kweli, kwa sababu jibu linakuja siku hiyohiyo. Udhaifu wake ni kwamba mkulima anaambiwa daraja, mara chache anaambiwa sababu. Amekosea kuchuma, kukausha, au kupanga? Anarudi nyumbani na namba.

Nimalizie na asali, maana najua watu wa Mlele mmekaa mnasubiri. Asali ya miombo yetu ina jina, na mradi wa BEVAC, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ulifika hata Katavi kwa ajili yake. Vikundi vingi vya wafugaji nyuki vinaniuliza habari za alama ya ubora ya TBS, shirika letu la viwango. Ndiyo, itafuteni, mkipitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, mnaandikiwa barua ya utambulisho na mnapata nafuu ya ada. Lakini kabla ya alama, ulizeni kama kikundi chenu kina daftari. Kiwango cha asali kinataka maji yasizidi sehemu 20 katika mia. Zaidi ya hapo inachachuka. Kipimo chake ni kifaa cha kushika mkononi: unaweka tone moja kwenye kioo, unachungulia kuelekea kwenye mwanga, unasoma namba. Andikeni kwa kila ndoo: nani amerina, lini, msitu gani, namba ngapi. Mnunuzi akilalamika kuhusu ndoo moja, mnajua imetoka wapi, hamtupi pipa zima.

Halafu kuna jambo ambalo kiwango hakitawaamulia. Ndoo ya mzee mmoja, mwanachama mwanzilishi, imesoma 23. Alirina masega ambayo nyuki hawajayafunga kwa nta, kwa sababu alihitaji ada ya mjukuu. Mtaandika 23? Na mkishaandika, mtamtoza, mtamfukuza, au kikundi kitamkopesha ada ili mara nyingine asubiri? Vikundi vya Inyonga na Ilunde, mkilijadili hilo kwenye kikao nipigieni simu mniambie mlivyoamua, nitawapa nafasi mlieleze wenyewe hewani.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa.